Milimita sita: kwa nini MotoGP yabadilisha injini tena

Jioni moja pale Mwembe Tayari, Mombasa, baada ya Isha, dele la kahawa likiwa bado zito na vikombe vikigongana, vijana wawili wa bodaboda walibishana mpaka abiria wakawapita bila kuulizwa waendako. Hawakuwa wakigombania bei ya petroli wala askari wa barabarani. Walikuwa wakigombania MotoGP, daraja la juu la mashindano ya dunia ya pikipiki.

Mmoja alikuwa amesikia kwamba kuanzia msimu wa 2027 pikipiki zile zitashushwa kutoka cc 1000 hadi cc 850, na kwake hilo lilikuwa sawa na mtu mzima kurudishwa chekechea. "Wamechoka hawa. Wenzao waenda mbele, wao warudi nyuma." Mwenzake akamjibu kwamba cc si kitu, kwani hata zile 800 za zamani zilikuwa moto. Wakapandishiana sauti. Kando yao alikaa fundi wa makamo, mtu aliyetengeneza mashine za boti miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye pikipiki. Alinyamaza hadi kikombe kikaisha, kisha akamgeukia yule wa kwanza.

"Boxer yako ni cc ngapi?"

"Mia na hamsini, ami."

"Umeipima?"

Hakuwa ameipima. Nani hupima? Lakini swali lile ndilo mlango wa jambo lote hili, na mimi nilirudi nyumbani nalo.

Boxer iliyoandikwa 150 ubavuni ina cc 144.8. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 56, na pistoni hupanda na kushuka mwendo wa milimita 58.8. Ukichukua eneo la uso wa pistoni ukalizidisha kwa mwendo huo, ndiyo cc yako hiyo. Haina siri nyingine: cc ni ujazo, basi, kama vile ujazo wa chupa ya soda. Na ujazo mmoja waweza kuuweka katika umbo lolote. Maji yaliyojaa bilauri ndefu yatajaa pia bakuli pana lililo fupi. Boxer ni bilauri: mwendo wa pistoni ni mrefu kuliko kipenyo. Injini ya MotoGP ni bakuli, tena bakuli la kupindukia. Kipenyo chake tangu 2012 hakiruhusiwi kuzidi milimita 81, na ukipiga hesabu ya silinda nne zinazotimiza cc 1000, mwendo wa pistoni wabaki milimita 48.5 tu.

Kwa nini mtu atake bakuli? Kwa sababu nguvu ya injini hutokana na mambo mawili: kila mlipuko una uzito gani, na milipuko ni mingapi kwa dakika. Uzito wa mlipuko hutegemea ujazo, na ujazo sheria imeubana. Kwa hiyo mhandisi hukimbilia wingi wa milipuko, yaani aifanye injini izunguke haraka zaidi. Hapo hukutana na ukuta mwingine. Pistoni haizunguki, yaenda juu, yasimama, yageuka, yashuka, yasimama tena. Injini ikizunguka mara 18,000 kwa dakika, pistoni husimama na kugeuka mara 600 kila sekunde. Kila kugeuka ni kama kumvuta mbuzi kwa kamba akiwa mbioni, na kamba yenyewe ni konrodi, chuma kinachoiunganisha pistoni na krenkshafti, mhimili unaozunguka chini yake. Mwendo ukiwa mrefu, pistoni lazima iende kasi zaidi ili imalize safari kwa wakati uleule, na siku moja konrodi hukatika ikatoka kupitia ubavu wa injini. Mwendo ukiwa mfupi, wazunguka zaidi kabla ya kufika kwenye balaa hilo. Na kipenyo kikiwa kipana, wapata nafasi ya kuweka valvu kubwa juu yake, yaani milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, injini ipumue vizuri.

Kwa hesabu, pistoni ya MotoGP katika mizunguko hiyo 18,000 huenda wastani wa mita 29 kwa sekunde. Boxer ikiwa kwenye mizunguko 7,500, pistoni yake yaenda chini kidogo ya mita 15. Ni mara mbili tu. Hilo lilinishangaza kidogo, kwani pengo la nguvu kati yao ni farasi 12 kwa zaidi ya 270. Siri imelala kwenye umbo la chumba na idadi ya vyumba, sio kwenye pistoni kuwa na wazimu.

Sasa kila kinachosemwa kuhusu kanuni za injini, tangu zamani hadi hizi za 2027, ni kisa kimoja kinachojirudia. Wenye sheria huziba mlango, wahandisi huingia kwa dirisha.

Chukua miaka ya 1960. Kanuni ilisema cc 250 kwa daraja la 250, lakini idadi ya silinda ilikuwa huru. Honda wakaja na injini ya silinda sita. Jim Redman, aliyekuwa akikimbia kwa jina la Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, ndiye aliyeiingiza uwanjani Monza mwaka 1964, na Mike Hailwood akachukua nayo ubingwa wa 1966 na 1967. Katika toleo lile la Hailwood kila silinda ilikuwa na kipenyo cha milimita 41 na mwendo wa milimita 31. Hiyo ni cc 41 hivi: haijazi hata kikombe cha kahawa chungu ya Mwembe Tayari. Vikombe sita vidogo vyazunguka kuliko sufuria mbili kubwa. Wenye sheria walipotanabahi, wakaweka ukomo wa silinda na wa gia katika kila daraja, na mchezo ule ukafa.

Ukafa, lakini haukuzikwa. Ila kabla sijafika huko, lazima nipitie kwenye boti.

Ukishuka Bandari ya Kale asubuhi, au ukikaa upande wa Likoni wavuvi wanaporudi, utaisikia harufu ya petroli iliyochanganywa na oili, na utaona moshi wa rangi ya buluu juu ya maji. Hiyo ni injini ya stroki mbili. Haina valvu kama zile za bodaboda. Oili huungua pamoja na petroli. Kila mzunguko mmoja wa krenkshafti hutoa mlipuko mmoja. Bodaboda zetu ni za stroki nne: mzunguko mmoja kuvuta na kushindilia, mzunguko mwingine kulipua na kutoa moshi, kwa hiyo mlipuko huja kila baada ya mizunguko miwili. Mtu hahitaji chuo kikuu kuona kwamba, kwa cc zilezile, ya stroki mbili ina milipuko maradufu. Ni nyepesi pia, na fundi huifungua kwa spana chache. Ubaya wake ni moshi, kiu ya petroli, na tabia ya kulala kimya kisha kuamka ghafla kama mtu aliyetiwa maji usoni.

Mashindano ya dunia yalipoanza 1949, daraja kubwa lilikuwa cc 500, na sheria haikujali stroki ngapi. Kwa miaka mingi injini za stroki nne zilitawala kwa sababu hakuna aliyekuwa ameijua vizuri ile nyingine. MV Agusta walichukua taji lao la mwisho mwaka 1974 wakiwa na Phil Read. Mwaka uliofuata Giacomo Agostini akashinda na Yamaha ya stroki mbili, na kutoka hapo hadi 2001 hakuna bingwa wa 500 aliyekalia kitu kingine.

Honda walikataa kukubali. Mwaka 1979 walileta NR500, ya stroki nne, na hapa ndipo mzimu wa silinda sita ulipofufuka. Ili kushindana na milipuko maradufu ya wenzao walihitaji silinda nane, na sheria iliruhusu nne. Basi wakatengeneza silinda nne zenye umbo la yai lililobanwa, kila moja na valvu nane na konrodi mbili. Valvu 32 katika injini ya cc 500! Ukiitazama kwa jicho la sheria ni nne. Ukiitazama kwa jicho la fundi ni nane zilizounganishwa mbilimbili. Naiona kuwa mojawapo ya ujanja mzuri kabisa uliowahi kufanywa na binadamu mwenye spana, na haikupata hata pointi moja ya mashindano ya dunia. Hatimaye Honda walisalimu amri, wakajenga ya stroki mbili yenye silinda tatu, na Freddie Spencer akawa bingwa nayo mwaka 1983.

Basi kwa nini dunia ile ya stroki mbili ilifungwa 2002? Soko. Barabarani sheria za moshi zilikuwa zimeziua. Viwanda vikawa vyauza stroki nne na kukimbia na stroki mbili, kama mtu anayetangaza mahamri huku yeye mwenyewe akila mkate. Ikaamuliwa daraja kubwa liitwe MotoGP, na stroki nne ziruhusiwe hadi cc 990 dhidi ya cc 500 za stroki mbili. Karibu maradufu, na sababu yake umeshaiona hapo juu: mlipuko mmoja kwa mizunguko miwili.

Lakini uwiano ule haukuwa sawa. Alex Barros alianza msimu wa 2002 kwenye Honda ya zamani ya stroki mbili. Zikiwa zimebaki mbio nne akapewa ile mpya ya cc 990, na mara ya kwanza kuipanda katika mashindano, pale Motegi, Japani, akashinda. Mtu yuleyule. Katika mbio 16 za mwaka ule, stroki mbili hazikushinda hata moja; Valentino Rossi peke yake alishinda 11. Mbio za Welkom kule Afrika Kusini, enzi hizo MotoGP ikifika barani kwetu, zilichukuliwa na Tohru Ukawa, naye pia akiwa juu ya 990.

Kuna kipengele kimoja katika sheria ya 2002 ambacho watu hukipita. Uzito wa chini kabisa ulitegemea idadi ya silinda: hadi tatu, kilo 135; nne au tano, kilo 145; sita na zaidi, kilo 155. Wengine waliposoma wakaona "nne" wakasonga mbele. Honda walisoma wakaona "au tano". Wakajenga injini ya silinda tano, ikapata chumba kimoja zaidi bila kulipia gramu moja. Mimi nikimfundisha mtu kusoma kanuni za mashindano yoyote, hata za kombe la mtaa, ningeanza na mfano huo.

Mlango wa 2007

Hapa ndipo panaponikera, na nitakaa kidogo.

Kufikia katikati ya muongo ule 990 zilikuwa zimepita kilomita 340 kwa saa. Ikaonekana ni hatari. Uamuzi ukawa ule ule ambao kijana wa bodaboda angeutoa: punguza cc. Kuanzia 2007 ikawa cc 800, na petroli ikashushwa kutoka lita 22 hadi 21. Kuhusu kipenyo, kimya.

Umeshajua kitakachotokea. Mhandisi aliyenyang'anywa ujazo alikwenda moja kwa moja kwenye wingi wa milipuko: akafupisha mwendo wa pistoni, akapandisha mizunguko. Lakini kwa mizunguko ile springi za kawaida za valvu hazikuweza tena kufuata. Valvu hufunguliwa na kemu na kurudishwa na springi, na springi ikichelewa, valvu hukutana na pistoni inayopanda. Dawa yake ni kutumia hewa iliyoshindiliwa badala ya springi, na dawa hiyo ni ghali. Viwanda vya Kijapani, kimoja baada ya kingine, vikalazimika kuinunua. Ducati hawakuwa na shida hiyo. Kwa desturi yao ya miongo mingi valvu zao hufunguliwa kwa mkono wa chuma na kufungwa kwa mkono mwingine wa chuma, springi hazitegemewi. Mwaka ule wa kwanza Casey Stoner alishinda mbio 10 na ubingwa juu ya Ducati. Wa kwanza kuingia kwa dirisha alikuwa yule ambaye dirisha lake lilikuwa wazi tangu zamani.

Kuna zaidi. Mizunguko mingi hula petroli, na petroli ilikuwa imepunguzwa. Kwa hiyo kompyuta ya injini ikapewa kazi ya kuhesabu kila tone, kubana hapa, kuachia pale, na kuzuia gurudumu la nyuma lisiteleze, maana gurudumu linaloteleza hupoteza petroli bure. Programu hizo zikawa vita vya pesa. Na pikipiki ya injini ndogo, yenye vyuma vyepesi vinavyozunguka ndani yake, hulala na kuinuka kwenye kona kwa wepesi zaidi. Mwendeshaji akawa aingia kona kwa kasi kuliko zamani. Msimu haukwisha kabla rekodi za muda wa kuzunguka uwanja kuvunjwa katika viwanja kadhaa.

Yaani sheria iliyoletwa ili watu waende polepole iliwapunguzia kasi kwenye mnyoofu, mahali ambapo ni nadra mtu kuanguka, ikawaongezea kwenye kona, mahali ambapo ndipo huanguka. Na gharama zikapanda. Kawasaki waliondoka baada ya msimu wa 2008. Kufikia 2011 waendeshaji wa kudumu walikuwa 17. Nimeona misururu ya tuktuk kwenye roundabout ya Buxton yenye watu wengi kuliko hao.

Milimita 81

Sheria ya 2012 ndiyo iliyonifanya niandike haya. Watu wengi walisoma "cc 1000" wakashangilia kurudi kwa injini kubwa. Kilichokuwa muhimu kiliandikwa chini yake: silinda zisizidi nne, na kipenyo kisizidi milimita 81.

Kwa maneno hayo mawili, mchezo wa vikombe sita ulizibwa na mchezo wa bakuli pana ukazibwa. Ukishajua cc, idadi ya silinda na kipenyo, mwendo wa pistoni hauna pa kukimbilia. Hesabu yenyewe inautaja. Na ukijua mwendo wa pistoni, kwa ustahimilivu wa chuma unajua injini itazunguka kiasi gani kabla ya kupasuka. Hawakuhitaji kuandika ukomo wa mizunguko wala kumweka mtu wa kuukagua. Milimita 81 zenyewe ndizo zilizokuwa askari.

Kipenyo kile pia kilizifungulia mlango injini za kawaida za superbaiki, zile zinazouzwa madukani. Timu ndogo zikaruhusiwa kuzitumia, zikapewa lita 24 za petroli na injini 12 kwa msimu, huku viwanda vikubwa vikibaki na lita 21 na injini 6. Pikipiki hizo zilikuwa nzito na zilipitwa kama mkokoteni, ila zilijaza uwanja. Mwaka 2016 kompyuta na programu yake zikafanywa moja kwa wote, petroli ikawa lita 22 kwa wote, na mwaka ule washindi tofauti walikuwa tisa.

Idadi ya injini inastahili maneno mawili. Mtu akisikia mwendeshaji ana injini saba kwa msimu mzima adhani ni ukarimu. Injini hizo hufungwa kwa lakiri. Fundi haruhusiwi kuzifungua akabadilisha pistoni akazirudisha. Ukiimaliza ya mwisho, ukichukua nyingine waadhibiwa. Kwa hiyo mhandisi aliyetaka injini ya kuishi wikendi moja, izunguke hadi kufa, halazimiki tena kuitafuta, maana haitamfaa. Hii nayo ni njia ya kupunguza mizunguko bila kuitaja.

Na sasa 75

Kanuni za 2027 zilitangazwa Mei 2024. Cc kutoka 1000 hadi 850. Kipenyo kutoka milimita 81 hadi 75. Hizo ndizo milimita sita.

Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya duka. Cc 850 kwa silinda nne ni cc 212.5 kila moja. Pistoni ya kipenyo cha milimita 75 ina uso wa milimita mraba 4,418. Gawanya. Mwendo wa pistoni wapata milimita 48.1. Ile ya sasa ni 48.5.

Angalia tena. Wamekata ujazo kwa asilimia 15, na mwendo wa pistoni haukuguswa, umepungua kwa unene wa kucha. Maana yake mhandisi hapati mizunguko ya ziada ya kufidia alichonyang'anywa. Mlipuko umepunguzwa na wingi wa milipuko umebaki palepale. Ni tofauti kabisa na 2007, ingawa kwa mtu anayesoma cc peke yake ni kisa kilekile. Wangeacha kipenyo kwenye 81 huku wakishusha cc hadi 850, mwendo ungeshuka hadi milimita 41 hivi, na injini zingepiga kelele kuliko wakati wowote. Kwa hiyo yule kijana wa pili wa Mwembe Tayari, aliyesema cc si kitu, alikuwa karibu na ukweli kwa bahati tu.

Petroli nayo yashuka: lita 20 kwa mbio kubwa badala ya 22, na lita 11 kwa mbio fupi za Jumamosi badala ya 12. Mbio kubwa ni kilomita 115 hivi, kwa hiyo lita moja italazimika kukupeleka karibu kilomita sita. Boxer kwa lita moja yatoka mjini hadi Mtwapa na kurudi, ikabaki na kitu. Ya MotoGP ungeitoa Mji wa Kale, ukavuka Daraja la Nyali, na ingekuzimikia hujapita mbali Kongowea. Na petroli yenyewe haitatoka ardhini: tangu 2024 asilimia 40 ilitakiwa iwe ya asili isiyo ya visima, na 2027 yatakiwa iwe yote. Petroli hizo hutengenezwa kiwandani au kutokana na mimea na taka, na kila msambazaji ana mapishi yake. Nadhani huko ndiko dirisha la kwanza litakakofunguliwa. Mtu akikubana ujazo, kipenyo na lita, kitakachobaki ni kile kilicho ndani ya lita.

Mengine nayapitia haraka. Injini zapunguzwa kutoka 7 hadi 6 kwa msimu. Uzito wa chini kutoka kilo 157 hadi 153. Mbawa za mbele zitakuwa nyembamba kwa milimita 50 na pua itarudishwa nyuma milimita 50. Vile vifaa vya kuishusha pikipiki ili gurudumu la mbele lisinyanyuke wakati wa kuondoka na kwenye mnyoofu vyapigwa marufuku vyote, na mimi nasema alhamdulillahi. Pikipiki inayokaa chini kama ngamia kabla ya kuondoka haikuwahi kunipendeza. Vifaa hivyo, kumbuka, ndivyo vilivyokuwa vikiziwezesha injini za zaidi ya farasi 270 kutumia nguvu zao mapema baada ya kona. Kuviondoa peke yake ni sawa na kupunguza injini bila kuigusa.

Kasi yenyewe ilikuwa imefika pabaya. Mwaka 2023 pale Mugello, Brad Binder wa Afrika Kusini alipimwa kilomita 366.1 kwa saa. Hiyo ni karibu mita 102 kwa sekunde. Daraja la Nyali, lenye urefu wa kama mita 390, angelimaliza chini ya sekunde nne, na wewe bado watafuta sarafu ya kumpa makanga. Viwanja vya Ulaya havina ardhi ya kuongeza nyuma ya kona kila mwaka. Kuta haziwezi kusogezwa, kwa hiyo husogezwa milimita.

Madaraja madogo yalishapita njia hii bila kelele nyingi. Lile la cc 250 za stroki mbili liliisha 2009 na kuwa Moto2, ambako wote walipewa injini moja ya Honda ya cc 600, kisha kuanzia 2019 moja ya Triumph ya cc 765. Huko hakuna cha kuchimba: injini ni ya wote, wagombanie fremu. Lile la cc 125 likawa Moto3 mwaka 2012, silinda moja ya stroki nne ya cc 250, kipenyo kisichozidi milimita 81. Umeitambua namba hiyo? Moto3 ni robo ya MotoGP iliyokatwa kwa kisu. Kiwanda kikijifunza jambo kwenye robo chaweza kulipeleka kwenye nzima, na sidhani namba zile zililingana kwa bahati. Lile daraja la umeme, MotoE, lilianza 2019 na likasimamishwa baada ya 2025. Ajabu yake ni kwamba bodaboda za umeme zilikuwa zimeanza kuzoeleka Mombasa wakati huohuo wenye mbio wakizifungia.

Jicho langu 2027 litakuwa kwenye kona. Pikipiki nyepesi, injini ndogo, mbawa zilizopunguzwa na matairi mapya ya Pirelli badala ya Michelin. Mbawa chache huwapunguzia kasi ya kona, wepesi huwarudishia. Ni lipi litakalozidi lingine, karatasi ya risiti haikunieleza.

Usiku uliofuata niliipeleka karatasi ile kwenye kahawa. Fundi aliivaa miwani, akaisoma mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamkabidhi kijana wa Boxer. Kijana akaishika juu ya mwanga wa simu kwa muda.

"Kwa hiyo, ami, kipenyo ndicho mambo yote."

"Ndicho."

"Basi yangu nichongee silinda. Niongezee hizo milimita sita walizokatwa hao."

Fundi akaomba kalamu. Milimita 62 kwa 58.8: cc 177.5. Akamwonyesha, kijana akatabasamu kwa namba ile. Kisha akamchorea duara la silinda, na ndani yake duara jingine lililokaribia kuligusa la kwanza. "Huo ndio ukuta utakaobaki. Utaukaanga kabla hujafika Changamwe."

Kijana alilitazama duara. Akauliza mbili tu zitagharimu kiasi gani.